Mtumiaji aliyesimamishwa bado yumo ndani ya mfumo: masharti ya kuingia yawekwe wapi?

*"Nina mfumo wa wavuti nilioujenga kwa Laravel, fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) ya lugha ya PHP, unaotumiwa na wafanyakazi wa kampuni pamoja na mawakala wa nje. Kuingia kwa barua pepe na nenosiri kunafanya kazi vizuri. Sasa nimeagizwa kuongeza masharti matatu: akaunti mpya isiingie mpaka msimamizi aiidhinishe, akaunti iliyosimamishwa isiingie kabisa, na mawakala waingie katika saa zilizopangwa tu. Niliongeza `if` kwenye kontrola (sehemu ya msimbo inayopokea maombi): mtu akishaingia naangalia hali ya akaunti yake, ikiwa haifai namtoa na kumrudisha kwenye fomu. Nilijaribu, ikakubali. Lakini wakala aliyesimamishwa ameendelea kutumia mfumo kwa siku kadhaa, na mwingine ambaye hajaidhinishwa aliingia baada ya kubadilisha nenosiri kwa kiungo cha barua pepe. Nimeshauriwa niweke masharti ndani ya `Auth::attempt` yenyewe. Je, hilo linatosha? Na ninapomkatalia mtu nimwambie sababu, au nimpe tu ujumbe kwamba barua pepe au nenosiri si sahihi? Naogopa pia kwamba kukagua kila mara kutaufanya mfumo uwe mzito."*

Ushauri uliopewa si mbaya. Masharti yaliyo ndani ya `Auth::attempt`, amri ya Laravel inayolinganisha nenosiri na kumwingiza mtu, ni bora kuliko `if` uliyonayo sasa, na nitaeleza kwa nini. Lakini hayatagusa hata moja kati ya matatizo mawili uliyoyaona. Wakala aliyesimamishwa hakupita kwenye fomu yako ya kuingia, na yule ambaye hajaidhinishwa hakupita pia. Ungeweka masharti ishirini kwenye fomu ile na wote wawili wangekuwa bado ndani.

Dhana inayowapoteza wengi hapa ni kwamba "kuingia" ni hali anayokuwa nayo mtu, na kwamba ukikagua mtu anapoingia umekwisha kukagua. Sivyo mambo yanavyokwenda. HTTP, itifaki ya wavuti, haina kumbukumbu. Kila ukurasa unaofunguliwa, kila kitufe kinachobonyezwa, ni ombi jipya linalofika kwenye seva bila historia. Kuingia ni tukio la sekunde moja: seva inalinganisha nenosiri, ikiridhika inaandika kwenye kikao (kumbukumbu ya muda ya seva) kwamba huyu ni mtumiaji namba fulani, kisha inakipa kivinjari kuki, yaani faili ndogo, yenye namba ya kikao hicho. Tangu hapo kivinjari kinaleta kuki, seva inasoma namba, inamtambua mtu, basi. Hakuna tena anayeuliza nenosiri, na hakuna anayeuliza masharti yako, kwa sababu uliyaweka pale ambapo nenosiri huulizwa. Mlinzi wa getini hawezi kumtoa mgeni aliyekwisha kuketi sebuleni.

Ndiyo maana wakala wako aliendelea. Yawezekana kikao chake kilikuwa hai: Laravel kwa kawaida hukipa kikao dakika 120, lakini dakika hizo huhesabiwa upya kila anapotumia mfumo, kwa hiyo mtu mwenye shughuli nyingi hafikii kikomo. Ila kwa siku kadhaa namshuku zaidi mwingine, yaani kile kisanduku cha "nikumbuke". Mtu akikiweka alama, Laravel huandika tokeni (msimbo wa siri wa kumtambulisha) kwenye safu ya `remember_token` ya jedwali la watumiaji na kuiweka pia kwenye kuki ya muda mrefu. Kikao kikifa, kuki hiyo inamfufulia kingine kimyakimya, bila fomu, bila `Auth::attempt`, bila kontrola yako. Matoleo ya sasa huipa kuki hiyo siku 400, kiwango kilekile ambacho Chrome haikubali kukivuka. Matoleo ya zamani yaliipa miaka 5. Kwa maneno mengine, kumsimamisha mtu leo kwa sharti lililo kwenye fomu peke yake kunaweza kuanza kufanya kazi mwaka ujao.

Kuhusu wa pili, angalia msimbo wa kubadilisha nenosiri. Kifurushi cha `laravel/ui`, ambacho mifumo mingi imeanza nacho, humwingiza mtu moja kwa moja mara tu anapohifadhi nenosiri jipya. Kinafanya hivyo kwa kuita `login` juu ya mtumiaji, si `attempt`, na `login` haikagui chochote: unaikabidhi mtumiaji, inamwingiza. Wakati uko hapo fungua pia kontrola ya usajili. Katika mifumo mingi mtu akijisajili huingizwa papo hapo ili asisumbuke kuandika nenosiri mara ya pili. Kwa mfumo unaodai idhini ya msimamizi, huo ni mwanya mkubwa kuliko ule ulioniandikia, maana unamwingiza kila asiyeidhinishwa, si mmoja tu aliyebahatika.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wowote mpya, tafuta kwenye msimbo wako wote maneno `attempt`, `login` na `loginUsingId`. Orodhesha kila mahali unapoyakuta. Ongeza kuki ya "nikumbuke", kuingia kwa akaunti ya Google au mtandao mwingine kama mnayo, tokeni za programu ya simu, na ile njia ambayo msimamizi hujifanya mtumiaji mwingine ili kutatua tatizo lake. Wengi wanaofanya zoezi hili hushangaa urefu wa orodha.

Sasa, masharti yenyewe. Umeyataja matatu kana kwamba ni ya aina moja, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Kusimamishwa ni hali ya akaunti. Ikiwapo, mtu hastahili kuwa ndani, awe ameingia sasa hivi au juzi. Sharti la namna hii linapaswa kuulizwa kwa kila ombi. Idhini inafanana nayo, ingawa kwa kawaida hubadilika mara moja tu, kutoka hapana kwenda ndiyo. Saa za kazi ni kitu kingine, kwa sababu hapo kuna uamuzi wa kibinadamu usio wa mtaalamu wa programu. Wakala aliyeingia saa 16:55 na kuanza kujaza fomu ndefu, ikifika 17:00 afanyiwe nini? Ukikagua kwa kila ombi, anabonyeza "hifadhi" saa 17:01 na kazi yake yote inapotea. Ukikagua anapoingia tu, wakala mjanja ataingia saa 16:59 na kukesha ndani. Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Mwulize aliyekupa agizo anachoogopa ni nini hasa. Mara nyingi utagundua kwamba haogopi wakala kusoma taarifa usiku, anaogopa miamala kufanyika wakati hakuna msimamizi wa kuitazama. Kama ni hivyo, sharti halihusu kuingia hata kidogo. Linahusu kitendo cha kufanya muamala, na mahali pake ni pale kitendo kinapofanyika. Waache waingie, wasome, na kitufe cha muamala kikatae nje ya saa, kikikataa kwenye seva na si kwa kufichwa kwenye ukurasa tu.

Kama bado wanataka mlango ufungwe, ningekagua kwa kila ombi lakini ningetoa muda wa ziada kwa waliokwisha ingia, tuseme dakika 15, na onyo juu ya ukurasa kabla muda haujaisha. Ni kazi ndogo, na itakuepushia simu nyingi za malalamiko.

Tukija kwenye msimbo, kanuni ninayoishikilia ni kwamba masharti yaandikwe mahali pamoja tu, kisha kila njia iyaulize hapo. Mahali panapofaa ni kwenye modeli ya mtumiaji, yaani darasa linalomwakilisha kwenye msimbo:

```php
public function sababuYaKuzuiwa(): ?string
{
    if ($this->ilisimamishwa_lini !== null) {
        return 'imesimamishwa';
    }
    if ($this->iliidhinishwa_lini === null) {
        return 'haijaidhinishwa';
    }
    if (! $this->yukoNdaniYaSaaZake(now())) {
        return 'nje_ya_saa';
    }
    return null;
}
```

Ona kwamba hairudishi ndiyo au hapana, inarudisha sababu, na ikirudisha `null` mtu hana kizuizi. Utaihitaji sababu hiyo kwa ujumbe na kwa kumbukumbu za mfumo. Ona pia kwamba nimetumia tarehe badala ya safu za 0 na 1. Safu ya `active` inakuambia kwamba mtu amezuiwa, lakini tarehe inakuambia tangu lini, na siku ya mgogoro ndilo swali litakaloulizwa kwanza. Ukiweza, ongeza safu ya nani alisimamisha na kwa nini.

Kisha andika kichujio cha maombi, kile ambacho Laravel hukihifadhi kwenye folda ya `Middleware`, na kukiweka juu ya kila njia inayodai mtu awe ameingia. Kazi yake ni fupi: kama kuna mtumiaji na `sababuYaKuzuiwa` imerudisha kitu, mtoe, futa kikao, badilisha tokeni ya fomu (ile inayozuia maombi ya kughushi), na umpeleke kwenye ukurasa unaoeleza. Kichujio hiki peke yake kingewakamata watu wako wote wawili, maana hakijali mtu aliingiaje. Ameingia kwa kiungo cha barua pepe, kwa kuki, kwa Google, ombi lake la kwanza tu linamkuta mlinzi.

Uliogopa uzito. Hofu hiyo ni ya kawaida lakini kwa Laravel haina msingi. Seva inapopokea kuki na kusoma namba ya mtumiaji kwenye kikao, tayari inakwenda kwenye hifadhidata kumleta mtumiaji huyo. Inafanya hivyo kwa kila ombi, utake usitake. Safu zako za tarehe zinakuja pamoja na jina lake na barua pepe yake katika safari ileile. Kulinganisha tarehe mbili ambazo tayari ziko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ni kazi ambayo hutaweza hata kuipima. Uzito ungekuja kama sharti lako lingehitaji kuuliza mfumo mwingine, kwa mfano kuangalia kama ada ya mwezi imelipwa kwenye seva ya kampuni nyingine. Hapo ndipo ungehifadhi jibu kwa dakika chache, ukijua kwamba kwa dakika hizo unafanyia kazi habari ya zamani.

Je, kichujio kikiwapo bado unahitaji ukaguzi mlangoni? Ndiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni adabu: mtu aelezwe pale pale, asiingizwe halafu afukuzwe. Ya pili ni madhara ya kuingia kwenyewe. Katika msimbo wako wa sasa, `Auth::attempt` inapofaulu kikao kimeandikwa, kuki ya "nikumbuke" imeandaliwa, na tukio la `Login` limetangazwa. Chochote kinachosikiliza tukio hilo kimeshafanya kazi yake: tarehe ya mwisho kuingia imebadilika, pengine barua pepe ya "umeingia kwenye kifaa kipya" imetumwa. Ndipo `if` yako inakuja kumtoa. Ikitokea hitilafu kati ya mistari hiyo miwili, mtu anabaki ndani. Ni afadhali kuthibitisha kwanza, kukagua, kisha ndipo kumwingiza.

Kuna namna mbili za kufanya hivyo. Uliyoshauriwa ni kuongeza masharti kwenye orodha ya vitambulisho unayoipa `Auth::attempt`. Unachofanya hapo ni kuongeza masharti kwenye ulizo la hifadhidata: nitafutie mtu mwenye barua pepe hii na ambaye hali yake ni hii. Asipopatikana, kwa mfumo ni kama hayupo. Ni rahisi, lakini ina kasoro. Huwezi kujua kama amekataliwa kwa sababu ya nenosiri au kwa sababu ya hali yake. Saa za kazi haziandikiki vizuri hivyo. Na tahadhari na safu zisizo na thamani: ukiandika sharti la SQL (lugha ya hifadhidata) kwamba `imesimamishwa` isiwe 1, mistari ambayo safu hiyo ni `NULL` haitarudishwa, maana `NULL` ikilinganishwa na kitu chochote jibu lake si kweli wala si uongo. Watumiaji wa zamani, waliosajiliwa kabla hujaongeza safu, watafungiwa nje wote bila kosa.

Namna ya pili ni `Auth::attemptWhen`, iliyopo tangu Laravel 8. Unaipa vitambulisho, halafu unaipa kitendakazi kinachopokea mtumiaji na kujibu kama aruhusiwe. Uzuri wake uko kwenye mpangilio: kitendakazi hicho huitwa baada tu ya nenosiri kuthibitishwa. Ndani yake ita `sababuYaKuzuiwa`, hifadhi jibu kwenye kigezo kilicho nje, na urudishe kweli kama ni `null`. Ikishindikana, angalia kigezo. Kikiwa na sababu, basi nenosiri lilikuwa sahihi na kilichomzuia ni sharti. Kikiwa kitupu, nenosiri au barua pepe ndiyo mbaya.

Hapo ndipo swali lako la ujumbe linapojibika lenyewe. Wanaosema usimwambie mtu sababu kamwe wana hoja: ukimjibu yeyote anayeandika barua pepe fulani kwamba "akaunti hii imesimamishwa", umemthibitishia mgeni kwamba akaunti ipo, na sasa anaweza kupima orodha nzima ya barua pepe aliyoipata kwingine. Lakini hoja hiyo inamhusu mtu ambaye hajathibitisha yeye ni nani. Aliyeandika nenosiri sahihi amekwisha kuthibitisha. Kumdanganya kwamba nenosiri lake si sahihi ni kumtuma akalibadilishe bure mara tatu, kisha apige simu kwa hasira. Kwa hiyo: nenosiri likikosewa, ujumbe ni mmoja kwa wote, awe hayupo, amesimamishwa au amekosea herufi. Nenosiri likiwa sahihi na sharti limekataa, mwambie ukweli kwa sentensi moja, na nini cha kufanya baadaye. "Akaunti yako inasubiri idhini ya msimamizi" yatosha. Kwa aliyesimamishwa, "Akaunti hii imesimamishwa, wasiliana na msimamizi" yatosha pia, maelezo ya kwa nini ayapate kwa mtu, si kwenye skrini.

Kuna njia nyingine ya kuvuja ambayo wachache huiangalia, nayo ni muda. Bcrypt, njia ya kuchakata nenosiri kabla ya kulilinganisha, imetengenezwa makusudi iwe ya polepole. Kama mfumo wako unamkataa aliyesimamishwa kabla ya kufikia bcrypt, jibu lake linarudi haraka kuliko la mtu wa kawaida aliyekosea nenosiri, na anayepima kwa saa anaiona tofauti. Laravel mpya inaziba mwanya huu kwa kuyacheleweshea kidogo majibu ya kukataa, na Django, fremuweki ya lugha ya Python, hulichakata nenosiri hata pale ambapo mtumiaji hayupo, kwa sababu hiyohiyo. Ukifuata mpangilio wa nenosiri kwanza, masharti baadaye, huna haja ya kuhangaika nalo.

Nimetaja Django, na ni vizuri uijue tofauti hata kama huitumii, maana siku moja utaletewa mfumo wa mtu mwingine. Kule, safu ya `is_active` hukaguliwa na mfumo wenyewe mara mbili, wakati wa kuingia na kila ombi linapomleta mtumiaji. Ukiizima, kikao kilicho hai hakifai tena. Lakini masharti yako mwenyewe ukiyaweka kwenye `confirm_login_allowed` ya fomu ya kuingia, hayo hukaguliwa kwenye fomu tu, na kikao cha kawaida cha Django hudumu wiki 2. Wale wa Rails (fremuweki ya lugha ya Ruby) wanaotumia Devise, kifurushi cha kuingia, wamebahatika zaidi: `active_for_authentication?` huulizwa kwa kila ombi bila wao kufanya lolote. Majina yanatofautiana, ila swali la kuuliza unapokutana na fremuweki ngeni ni lilelile: hili linakaguliwa lini?

Kwa mawakala na saa zao, nina mambo mawili ya kukuonya. Usitegemee saa ya kivinjari, maana mtumiaji anaweza kuibadilisha kwa kubonyeza mara mbili. Tumia ya seva, ukikumbuka kwamba Laravel huanza ikiwa imewekwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, kwenye `config/app.php`, kwa hiyo 08:00 uliyoiandika si lazima iwe 08:00 ya wakala. Kama mawakala wako wako katika kanda tofauti, hifadhi kwa kila mmoja jina la ukanda wake kama lilivyo kwenye orodha ya IANA (orodha ya kimataifa ya kanda za saa), si tofauti ya saa, kwa sababu nchi zenye saa za kiangazi hubadilisha tofauti hiyo mara mbili kwa mwaka. La pili ni zamu ya usiku. Sharti la "sasa ni baada ya mwanzo na kabla ya mwisho" hufanya kazi vizuri kwa 08:00 hadi 17:00, lakini kwa 22:00 hadi 06:00 halitakuwa kweli hata dakika moja. Pale ambapo mwanzo ni mkubwa kuliko mwisho, "na" inageuka "au": baada ya 22:00 au kabla ya 06:00. Andika jaribio la hilo kabla hujasahau.

Huenda baada ya haya ukaombwa masharti zaidi: barua pepe ithibitishwe, nenosiri la zamani libadilishwe, masharti mapya ya matumizi yakubaliwe. Hayo usiyaweke kwenye kundi hili. Ni mambo ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuyarekebisha, na ukimfungia nje hana pa kuyarekebishia. Mwingize, lakini kichujio kingine kimpeleke kwenye ukurasa mmoja tu mpaka amalize. Na wakitaka kuzuia kwa anwani ya IP, kuwa mgumu. Mitandao ya simu huwapa watu wengi anwani moja na kuibadilisha ovyo, na kama seva yako iko nyuma ya seva nyingine inayopokea maombi, anwani unayoisoma kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `X-Forwarded-For` inaweza kuandikwa na yeyote usipotaja ni seva ipi unayoiamini.

Programu ya simu ndiyo inayoweza kukusumbua zaidi. Kama inatumia tokeni zilizohifadhiwa kwenye hifadhidata, kichujio chako kikiwekwa pia kwenye njia za API (zile ambazo programu hutumia kuzungumza na seva) kinatosha, na ukimsimamisha mtu futa tokeni zake. Kama ni JWT, kumbuka kwamba tokeni hiyo hujithibitisha yenyewe kwa saini, na seva isiyomleta mtumiaji kutoka kwenye hifadhidata haina namna ya kujua kwamba jana amesimamishwa. Dawa ya kawaida ni kuifanya iishi dakika chache, kisha masharti yaulizwe kila inapofanywa upya. Anayekuuzia JWT ya mwezi mzima kwa hoja ya wepesi hajawahi kuombwa kumtoa mtu haraka.

Siku ya kupeleka mabadiliko haya kwenye mfumo halisi, fanya kwa mpangilio. Ongeza safu kwanza. Jaza tarehe ya idhini kwa kila mtumiaji wa sasa anayestahili, ndipo uwashe kichujio. Ukigeuza mpangilio, watu wote watatolewa kwa mpigo, pamoja na msimamizi ambaye ndiye wa kuwaidhinisha. Kwa sababu hiyohiyo andika amri ya kuendeshwa kwenye seva, nje ya kivinjari, inayoweza kumwidhinisha mtu mmoja. Utaihitaji siku msimamizi atakapojisimamisha mwenyewe kwa bahati mbaya. Kisha fanya kitendo cha kusimamisha kiwe kimoja chenye hatua zote: andika tarehe, badilisha `remember_token`, futa vikao vyake kama unavihifadhi kwenye hifadhidata, futa tokeni za simu. Na kila kukataliwa kuandikwe pamoja na sababu, wakati na akaunti. Nenosiri lisiandikwe kamwe, hata lile lililokosewa, kwa kuwa mara nyingi ni sahihi kwa herufi zote isipokuwa moja.

Mpaka hapa naamini unaweza kuyafanya mwenyewe. Lakini kuna kitu kwenye barua yako ambacho si cha msimbo. Umesema wakala aliyesimamishwa alitumia mfumo kwa siku kadhaa. Kama alisimamishwa kwa tuhuma za udanganyifu, au mfumo wenu unashika fedha, taarifa za afya au nyaraka za watu, usifute kikao chake kabla ya kunakili mstari wa kikao hicho, kumbukumbu za seva za siku hizo zote, na orodha ya alichokigusa. Zuia akaunti, hilo halisubiri, lakini nakala iwe imechukuliwa. Mpelekee mwajiri wako taarifa kwa maandishi, na umshauri amwite mtu wa usalama wa mifumo akae nawe kwenye mashine, pamoja na mwanasheria atakayesema kama wenye taarifa hizo wanapaswa kujulishwa, maana sheria nyingi za ulinzi wa taarifa binafsi zina muda wa kutoa taarifa unaohesabiwa tangu mlipojua, na ninyi mmekwisha kujua. Masharti ya saa za wafanyakazi wa ndani nayo, kama mtayaongeza baadaye, yapitie kwa anayeshughulikia mikataba ya ajira kabla hujayaandika.

Anza na kichujio leo, kabla ya fomu, kabla ya ujumbe, kabla ya saa. Ni kazi ya mchana mmoja.